Basi Likisimama Kitai

Osmund mwanangu,

Nimesimama dirishani mpaka lori la mbolea mlilopanda na baba yako likapotea kwenye kona ya kwenda Mbuji, ndipo nikaenda kutafuta kalamu. Shangazi zako hawatakubali muondoke bila kula, na baba yako akishafika shambani atataka kukuonyesha ngoro zake zote, shimo kwa shimo, kama vile huko Norwe unakwenda kufanyiwa mtihani wa kilimo cha Wamatengo. Kwa hiyo nina muda mpaka jioni. Kesho alfajiri tunapanda basi la Songea, na nikisema nitakuambia kwa mdomo tukiwa njiani, najijua. Nitaanza habari za fulana za ndani na vitambaa vya mkononi mpaka safari iishe.

Kuna jambo la bibi yako wa Lundo ambalo watu wazima wote wa ukoo huu wanalijua isipokuwa wewe. Tulikaa kikao tukakubaliana usiambiwe mpaka uwe umeshafika huko. Na mimi nilikubali. Siku kumi sasa nakula sishibi, usiku nageukageuka, baba yako ananiuliza kama kitanda kimeingia kunguni. Leo nakuambia. Lakini niache nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianza na lenyewe utainuka kwenye kiti na hutasoma mengine, na hayo mengine ndiyo yatakayokuonyesha kwa nini mama yako anavunja neno alilowapa ndugu zake.

Mambo ya soksi mbili mbili na mafuta ya mgando sirudii. Umeshaambiwa na kila mtu, hata na yule muuza mitumba aliyekuuzia jaketi, ambaye baridi kubwa aliyowahi kuiona ni ya mwezi wa saba hapa hapa Mbinga. Nataka kukuambia ya kwangu.

Unajua kwamba nilikwenda Uswidi kabla sijaolewa, kujifunza uuguzi wa watoto. Unajua kwa sababu ya ile picha ya sebuleni: nimesimama kwenye theluji, kofia ya manyoya kichwani, meno yote nje. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unawaonyesha wenzako, unawaambia mama yako amewahi kukaa ndani ya friji. Kila mgeni wa nyumba hii ameelezwa picha ile, na kila mara nimesimulia yale yale: watu wazuri, nchi safi, nilisoma, nikarudi. Picha ile ilipigwa mwezi wa nne, Osmund. Mimi nilifika mwezi wa kumi na moja. Miezi ya katikati sijamsimulia mtu, hata baba yako.

Ukinisikia wewe utasema, mama, Uswidi ni nchi nyingine na Norwe ni nyingine. Sawa, msomi. Giza lake ni lile lile.

Maana baridi nilikuwa nimeonywa. Giza hakuna aliyenionya. Nilipewa chumba kwenye jengo la ghorofa tatu, mji mdogo uliokaa juu kabisa kwenye ramani, kule ambako majina yanaanza kuwa machache. Unakwenda kazini ni giza, unatoka ni giza. Katikati ya siku unakuja mwanga wa kijivu, kama wa asubuhi ya mvua pale Lundo, unakaa kidogo kisha unaondoka, na saa nane mchana taa za barabarani zimeshawaka. Mwili unashindwa kujua ulale au uamke. Pua inatoka damu kwa ukavu wa lile joto la ndani, nywele zinakatika ukizigusa. Nilianika gauni nje siku ya kwanza kwa ujinga wangu, nililikuta limesimama lenyewe. Nikalibeba kwapani kama ubao na kulirudisha ndani.

Siku niliyofika nilifanya kama mtoto wa Lundo aliyefunzwa vizuri. Nilifagia chumba, nikaosha vikombe viwili, nikatandika kitambaa juu ya meza, nikakaa kungoja. Unajua desturi ya kwetu ziwani. Mgeni akihamia hatoki akaanza kuzungukia nyumba za watu, ataonekana mlafi. Anatulia kwake, na majirani ndio wanaokuja: huyu na unga wa muhogo, huyu na usipa, vile vidagaa vya ziwani, huyu na kuni, mwingine mikono mitupu, amekuja tu kukuona sura. Siku ya nne au ya tano ndipo mgeni naye anatoka kurudisha salamu. Basi nikangoja siku nne. Nikangoja wiki. Nasikia nyayo kwenye ngazi, nainuka, nanyoosha kitambaa, nyayo zinapita. Vile vikombe viwili nilikuwa naviosha kila jioni na hakuna mtu aliyevinywea.

Wiki ya tatu zikaja hasira. Unazijua hasira zangu, zimekuvunjia wewe redio na baba yako baiskeli. Nikasema watu hawa wananidharau, wameona rangi yangu wamefunga milango. Tukikutana kwenye ngazi natazama ukuta. Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa anakaa mwanamke mzee, mwembamba, mstaafu wa posta, jina lake Gunvor. Huyo ndiye niliyemchukia kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote.

Asubuhi moja nafungua mlango, nakuta mfuko wa karatasi umening'inia kwenye kitasa. Nachungulia ndani: vyuma viwili vyenye meno, vimeshikwa na mikanda ya mpira. Hakuna barua, hakuna jina. Nilirudi nyuma hatua mbili. Wewe umezaliwa hapa mjini, mtoto wa nyumba za hospitali, utacheka. Mimi nimelelewa Lundo, na Lundo kitu kikiachwa mlangoni kwako bila hodi, bila mtu kusema kimetoka kwa nani, hukigusi kwa mkono. Chuma, tena chenye meno! Basi nesi mwenye cheti, aliyeapa mbele ya mkuu wa chuo, akachukua mpini wa ufagio, akauning'iniza ule mfuko kwenye ncha, akashuka nao ngazi zote mpaka kwenye pipa la taka. Nilisali Baba Yetu mara tatu nikirudi juu. Mlango wa Gunvor ulikuwa wazi kidogo. Aliniona.

Wiki ile ile mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda. Barabara nzima ikawa kioo. Hatua ya sita kutoka mlangoni nikaenda chini, na kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Hospitali niliyokuwa naenda kujifunzia ndiyo iliyonifunga plasta, na wenzangu wa darasani wakasimama wanatazama kama somo.

Sasa sikia nilichofanya. Nilikaa mezani jioni nzima, nikaandika kwa mkono wa kushoto: "Wazazi wangu wapendwa, mimi ni mzima wa afya, mashaka ni juu yenu huko. Hapa sikosi kitu. Samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa ndani ya basi." Mistari michache tu, ilinichukua mpaka kulala. Kanisa zima la Lundo lilikuwa limesimama kuniombea siku naondoka. Wamama walikuwa wamenichangia kanga, mwalimu wa kwaya alilia. Mtu aliyesindikizwa namna ile anaandikaje kwamba anakaa chumbani anapigana na ukuta? Niliona aibu. Nikaficha.

Nimeinuka kidogo kutazama barabarani. Bado. Mvua imeanza kunyesha, na nimemfokea kuku asiye na kosa.

Gunvor alinikuta kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo. Kule mashine za kufulia ni za watu wote na ukutani kuna orodha, unaandika jina lako na saa yako. Mimi sikuwahi kuandika jina, nilikuwa najipenyeza wakati hakuna mtu, nafua kwenye beseni. Siku ile nilikuwa nashindana na shuka lililolowa, mkono mmoja umefungwa, mwingine haujui kukamua. Nikasikia mtu nyuma yangu. Alishika ncha ya pili ya shuka, akaanza kuzungusha upande wake, nami nikazungusha upande wangu mpaka maji yakaisha. Kisha akaitazama plasta, akatazama miguu yangu, akapanda juu. Aliporudi alikuwa na vyuma vingine vyenye meno. Mama mtu mzima yule akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akanivalisha juu ya viatu, kimoja baada ya kingine, akaniambia nitembee. Ni vya kukanyagia barafu, Osmund. Vile vya kwanza alikuwa ameninunulia dukani.

Nilicheka, halafu nikalia kilio kibaya, cha kwikwi. Yeye alisimama tu ameshika shuka langu.

Baadaye, nilipopata maneno ya kutosha ya lugha yao, nilimuuliza: "Kwa nini hukupiga hodi?"

"Mtu aliyetoka mbali anahitaji kuachwa atulie," akasema. "Nilikuwa nangoja ufungue mlango mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja ugonge."

Akahesabu kwa vidole. Wiki tisa. Wanawake wawili, ukuta mmoja katikati, kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa adabu ya kwao mpaka mmoja anavunjika mkono. Kwake ndiko nilikojifunza kunywa kahawa. Aliniuliza kwetu tunaitengenezaje, na mimi, mtoto wa mkoa wa kahawa, nilikuwa sijawahi kuionja. Kwetu kahawa ilikuwa kitu cha kupakiwa kwenye magunia na kuondoka. Nilidanganya kidogo, nikasema tunatia tangawizi. Mpaka leo baba yako anashangaa kwamba yeye ndiye mwenye mibuni na mimi ndiye mnywaji.

Sikuambii yote haya ili uwaogope watu wa huko, wala ili uwapende. Utakutana nao mwenyewe. Nakuambia tu kwamba ukijikuta wiki ya pili unaosha vikombe viwili, vaa viatu ugonge mlango wa pili. Ukionekana mlafi, uonekane.

Sasa inakuja sehemu ninayoikimbia.

Mwezi wa pili wa mwaka ule nilipata barua ya mjomba wako Kostantino, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza shule na ndiye aliyekuwa anaandika kwa niaba ya wazee. Nyuma ya salamu za kawaida aliandika: "Baba anakusalimu sana. Anauliza kama huko kuna ziwa, na kama lina samaki." Nilifurahi mpaka nikamsomea Gunvor. Babu yako alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache, hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo. Gunvor akasema basi twende ukaone. Akanipeleka ziwani. Ziwa lote limekuwa nchi kavu, watu wanatembea juu yake na mbwa wao, mtu anatoboa tundu, anaweka kigoda, anakaa na uzi mfupi kama anafuma. Nilimwandikia baba kurasa nne. Nikamchorea kigoda, nikamchorea tundu, nikamwambia unene wa barafu kwa kupima na mkono wangu. Nikamwambia, baba, hapa ungekaa mchana kutwa na usingelowa hata kidole.

Nikamnunulia na koti. Zito, la sufu, la rangi ya majani makavu, la kuvaa akienda ziwani usiku.

Nilirudi mwezi wa sita. Nilishuka Lundo na koti begani kwa sababu halikuingia kwenye sanduku. Bibi yako alikuja kunipokea amejifunga kitambaa cheusi. Nikafikiri ni msiba wa jirani. Nikauliza, "Baba yuko ziwani?" Kostantino akatazama chini. Koti lilikuwa begani kwangu, jua kali, jasho linanitoka.

Babu yako alifariki mwezi wa kwanza. Barua iliyouliza habari za samaki iliandikwa akiwa ameshazikwa. Zile salamu Kostantino alizitunga, kwa sababu aliambiwa aandike kitu. Na kurasa zangu nne zilisomwa kwa sauti mbele ya watu waliokuwa bado wananyoa nywele za msiba.

"Tulikuficha usihangaike ugenini," bibi yako aliniambia. "Ungefanya nini? Ungeruka?"

Nilikaa siku nyingi simwiti mama. Nilikuwa namwita "nyie". Aliyachukua yote, mpaka jioni moja tunasafisha usipa, akanishika huu mkono wa kulia, ambao mpaka leo hauinuki sawasawa.

"Na huu?"

"Nilianguka."

"Lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Uliandika kwamba hukosi kitu," akasema. "Uliandika uko ndani ya basi."

Tukaendelea kusafisha usipa. Wakati yeye ananificha baba yangu kaburini, mimi nilikuwa namficha mkono wangu kwenye plasta, na barua zetu zilipishana njiani zote zinasema tuko wazima. Nilitaka kumkasirikia na nilishindwa kupata mahali pa kusimama ili nimkasirikie vizuri. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, na bado sijapapata.

Koti alilichukua yeye. Unalijua. Ndilo lile ulilokuwa unafunikwa nalo ukienda likizo Lundo, ukirudi nyumbani unanuka usipa mpaka shuleni wanakucheka. Hukuwahi kuuliza limetoka wapi, nami sikusema.

Haya. Lenyewe ni hili.

Bibi yako haumwi miguu kama tulivyokuambia. Ana uvimbe tumboni. Walimpeleka hospitali kabla ya Krismasi, wakaambiwa mrudisheni nyumbani, mpeni anachotamani kula. Nimekuwa nesi tangu kabla hujazaliwa, Osmund, na nimewaambia watu wengi sentensi hiyo kwa sauti nzuri. Naijua maana yake. Siku kumi zilizopita, ulipokuwa Songea kufuatilia pasipoti, mjomba wako Kostantino alikuja kutoka ziwani. Tukakaa sebuleni, chini ya ile picha yangu ninayocheka, akasema: "Mama mwenyewe ameagiza. Osmund asiambiwe. Aende akasome, mtamwambia akirudi." Baba yako akasema ni busara, kijana akijua hataondoka, na nafasi kama hii kwa mtoto wa huku haiji mara mbili. Kila mtu alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Ulivyorudi ukasema unataka kwenda Lundo kumuaga. Nikakuambia barabara imekatika kwa mvua, daraja limezolewa. Mvua ilikuwa inanyesha kweli, ndiyo maana uliniamini. Daraja lipo. Mjomba wako alipita juu yake akija, akapita juu yake akirudi.

Na hakuja mikono mitupu. Bibi yako alimpa koti. Alisema, "Apewe Osmund, kule kuna baridi." Nimelificha kwenye gunia chini ya kitanda changu siku zote hizi, kwa sababu ungeliona ungeniuliza limevukaje barabara iliyokatika. Nilikupeleka sokoni mwenyewe, tukachambua mitumba kutwa nzima, nikakushauri uchukue lile jaketi jepesi la buluu, huku najua koti liko wapi. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimeyaandika ili nisipate tena nafasi ya kuyapamba.

Nilifikiria kuitia barua hii katikati ya nguo zako uikute huko. Nimeifikiria tangu Jumapili na nimeona ni ule ule ujanja, umevaa nguo nyingine. Ungeisoma umekaa kwenye kitanda cha ugenini, saa nane mchana giza limeingia, ungeruka?

Kwa hiyo hesabu iko hivi, ifanye mwenyewe. Kesho ni Jumatano. Ndege yako ni Jumapili usiku. Basi la Songea linasimama Kitai, na pale Kitai hupatikana gari la kushuka ziwani kukiwa na mzigo. Ukishuka Kitai unaweza kufika Lundo kesho usiku, ukakaa naye Alhamisi, Ijumaa ukapanda kurudi Songea, Jumamosi ukaenda Dar es Salaam, Jumapili ukaondoka. Gari moja likikwama kwenye matope kwa siku moja tu, ndege inaondoka bila wewe. Barua ya chuo umeisoma mwenyewe: asiyefika kwa tarehe nafasi yake wanampa mwingine. Baba yako ana haki ya kuogopa. Mimi pia naogopa. Nimekuona unavyosoma kwa kibatari umeme ulipokatika, nimekuona ulivyoruka barua ilipofika, ukamnyanyua mama yako mzito hivi.

Sikuambii shuka. Sikuambii endelea. Ningekuwa najua lipi ni jema ningekuwa nimeshakuamrisha, unanijua. Ukiendelea, mwandikie bibi yako leo, nitampelekea na nitamsomea mwenyewe, na sitaongeza neno. Siku ya msiba ikifika nitakwenda posta siku hiyo hiyo nikupigie simu chuoni, hata kama kaka zangu wote watakaa kwenye mlango wa posta kunizuia. Utalia peke yako huko na sitakuwepo. Lakini utakuwa unamlilia aliyekufa siku aliyokufa. Na wewe ukivunjika mkono, andika kwamba umevunjika mkono. Ukiwa hupendi watu wa huko, andika. Nitahangaika, ndiyo. Kuhangaika ni haki yangu, msininyang'anye.

Lori limeguruma kule chini, nadhani ni lenu. Nimeliweka koti juu ya kitanda chako na barua hii itakaa juu yake. Baba yako atakasirika, hilo niachie mimi. Koti lina harufu ya Lundo, usilifue.

Bado uongo mmoja. Nilikuambia nakusindikiza mpaka Songea. Kile kijimfuko changu kina kanga mbili, glavu za hospitali na dawa za maumivu. Nilikuwa nimepanga tukifika Kitai nijifanye kichwa kinaniuma, nishuke, wewe uendelee na safari. Ninakwenda kumuuguza mama yangu.

Kesho tutakaa kiti kimoja kama kawaida na sitakuuliza umeamua nini. Basi likisimama Kitai nitashuka. Nitasimama kando ya barabara nimeligeuzia basi mgongo, nisije nikakuchagulia kwa macho, na nitabaki hivyo hivyo mpaka nisikie limeondoka. Ndipo nitageuka, nione kama niko peke yangu.

Mama yako